Kutoka mfuko hadi tani: mwongozo kamili wa kuhesabu makala ya Lubumbashi kwa ajili ya ripoti ya taifa ya tabianchi

Uliza ofisi yoyote ya mazingira Lubumbashi inachoma makala (makaa ya miti) kiasi gani kwa mwaka, utajibiwa kwa mifuko. Lakini ripoti ya taifa haiandikwi kwa mifuko. Inaandikwa kwa tani na kwa terajuli, yaani kipimo cha nishati, na mahali pasipo tani Kinshasa hulazimika kukisia. Mwongozo huu ni wa watakaoshika kazi hiyo huku chini: watumishi wa mazingira wa jimbo la Haut-Katanga, wa ofisi ya meya na wa komini, vyama vya raia, na wanafunzi wanaotafuta kazi ya kumalizia masomo. Unafuata makala kutoka mti wa miombo hadi mbabula, yaani jiko la makala, na kutoka mbabula hadi mstari wake kwenye jedwali la taifa.

Deni ambalo nchi imejiandikia

Kongo iliridhia Mkataba wa Paris Desemba 2017. Ahadi yake, inayoitwa CDN kwa kifupi cha Kifaransa, ilirekebishwa mwaka 2021: kupunguza gesi joto kwa asilimia 21 ifikapo 2030. Soma vizuri namba hiyo, maana wengi huisoma vibaya. Asilimia 2 tu ndizo nchi imesema itazipunguza kwa mfuko wake yenyewe. Asilimia 19 zinategemea msaada wa nje. Tena asilimia 21 hazihesabiwi kutoka gesi za mwaka fulani uliopita. Zinahesabiwa kutoka mstari wa makadirio, yaani gesi ambazo zingetoka mambo yakiendelea kama kawaida hadi 2030. Mstari huo ukichorwa kwa takwimu mbovu, kupunguza nako kunakuwa kwa maneno matupu: waliouchora juu mno watasifiwa bila kufanya kitu, na waliouchora chini mno wataonekana wameshindwa hata wakifanya kazi kweli.

Kifungu cha 13 cha mkataba ndicho kinachodai hesabu. Kila nchi inapaswa kutoa ripoti ya uwazi kila baada ya miaka 2, na ya kwanza ilitakiwa kufika 31 Desemba 2024. Nchi zenye maendeleo duni, na Kongo imo, zimepewa nafasi ya kutoa ripoti kwa hiari yao kulingana na uwezo. Nafasi hiyo inahusu kupeleka ripoti. Haifuti haja ya takwimu, kwa sababu anayeomba fedha za zile asilimia 19 ataulizwa namba kabla ya kitu kingine.

Ndani ya nchi, sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 ndiyo msingi wa ulinzi wa mazingira, na sheria ya 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi inazipa ngazi hizo uongozi wake. Wizara ya mazingira ndiyo inayokusanya na kutuma. Jimbo na mji kazi yao ni kuilisha.

Mambo 3 ya kuamua kabla ya kushika mizani

Kwanza mpaka. Lubumbashi ina komini 7: Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Ruashi. Makala yanachomwa ndani ya komini hizo, ila tanuru nyingi ziko nje, kwenye pori la teritwari za jirani. Kwa hiyo andika hesabu mbili tangu mwanzo: ya matumizi, inayohusu mbabula za mji, na ya utengenezaji, inayohusu tanuru popote zilipo. Zikichanganywa, teritwari nayo ikipeleka ripoti yake tanuru zitahesabiwa mara mbili. Kuna na mpaka wa nchi: mfuko uliochomwa Zambia ukaja kuuzwa huku, gesi za tanuru yake ni za Zambia, na za mbabula ni zetu.

Pili mwaka. Chagua mwaka mmoja wa kalenda, Januari hadi Desemba, usiuhamishe katikati. Makala ya kiangazi na ya masika si sawa, wala kwa wingi wala kwa uzito.

Tatu gesi. Utahesabu 3: hewa ya ukaa, methani na nitrasi oksidi. Ili zijumlishwe pamoja, ripoti za Mkataba wa Paris zinatumia vizidishi vya miaka 100 kutoka ripoti ya tano ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi: kilo 1 ya methani ni sawa na kilo 28 za hewa ya ukaa, na kilo 1 ya nitrasi oksidi ni sawa na kilo 265. Kwenye nyaraka za zamani utakuta methani ikizidishwa kwa 21 au 25. Ukichota kutoka huko, hesabu yako haitalingana na ya mwenzako hata kama wote mmepima sawasawa.

Hatua ya 1: kupima mfuko

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mfuko wa makala ni kipimo cha sokoni, hauna uzito maalumu. Ni gunia lililokuwa la mahindi, la unga au la saruji, limejazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kichwa: vipande virefu vimesimamishwa kuzunguka mdomo, majani yamefunika juu, na kamba imeshika kila kitu. Kichwa kinaweza kuwa kifupi kama kiganja au kirefu kama mkono. Mnunuzi anakiangalia kichwa. Mpimaji lazima ajizuie asikiangalie, aangalie mizani.

Vifaa: mizani ya kuning'iniza ya kilo 100 yenye alama za nusu kilo, fito imara ya kubebwa mabegani na watu 2, kamba, mizani ndogo ya kilo 10 kwa ajili ya nyumba, na bidoni ya lita 20. Bidoni ndiyo hakimu. Kila asubuhi ijaze maji mpaka alama ya lita 20 na uitundike: mizani isome kilo 20 pamoja na uzito wa bidoni tupu. Ikisoma tofauti kwa zaidi ya nusu kilo, rekebisha au badilisha mizani kabla ya kupima mfuko hata mmoja. Mizani ya springi iliyoshinda juani na kubebeshwa mizigo mizito huchoka, na ikichoka inadanganya upande uleule siku zote. Kosa la namna hiyo halifutiki kwa kupima mifuko mingi.

Gawa mifuko kwa aina unazoziona sokoni, kwa mfano mkubwa wenye kichwa, wa kawaida, na mdogo. Kwa kila aina pima angalau mifuko 62. Namba hiyo ina sababu: uzito wa mifuko ukitofautiana kwa asilimia 20 hivi na ukitaka wastani wenye kosa lisilozidi asilimia 5, chukua 1.96 (namba ya takwimu kwa uhakika wa asilimia 95), zidisha kwa 20, gawanya kwa 5, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Unapata 61.5. Tofauti ikiwa asilimia 30, unahitaji 139. Kwa hiyo pima 20 za kwanza, angalia zinavyotofautiana, halafu amua.

Usipime mifuko ya muuzaji mmoja. Chukua sokoni Kenya, Katuba, Ruashi na kwingine, na kwenye kila rundo usichague mwenyewe: hesabu, kisha chukua kila wa 5. Ondoa uzito wa gunia tupu, kamba na majani ya kichwa. Fungua mifuko michache mpaka chini, maana chini ndiko vumbi na vijiwe hukaa. Vumbi ambalo mama wa nyumba anatupa halikuchomwa, liandike peke yake.

Masika kuna jambo jingine. Makala yaliyonyeshewa hubeba maji, na mizani inayapima maji pamoja. Chukua kilo 1 kutoka kwenye mfuko, anika kwenye bati karibu na moto, pima kila saa hadi uzito uache kushuka. Zikibaki gramu 880, basi asilimia 12 ya mfuko ilikuwa maji, na uzito wote uzidishwe kwa 0.88.

Hatua ya 2: kuhesabu yanayoingia

Weka wahesabuji kwenye njia kuu zinazoingia mjini: ya Likasi, ya Kasenga, ya Kipushi na ya Kasumbalesa, pamoja na njia ndogo ambazo watu wa kinga, yaani wa baiskeli, wanazijua. Siku 7 mfululizo, saa 24, mara moja kiangazi na mara moja masika. Usiku usiachwe. Baiskeli zilizopakia husafiri alfajiri wakati wa baridi, na malori mengi huingia gizani.

Karatasi iwe na safu 5: saa, chombo, idadi ya mifuko, aina ya mfuko, na mahali makala yalikochomwa. Kwa lori hesabu mistari na tabaka, kisha muulize msaidizi wa dereva kilicho chini ya mahindi. Magari madogo yenye mfuko mmoja kwenye buti yaandikwe pia, yakizidi ni mengi.

Sharti moja lisivunjwe: mhesabuji asisimame pamoja na anayetoza kodi. Siku watu wa kinga watakapoona karatasi na risiti mahali pamoja, watazunguka, na utaandika kwamba Lubumbashi imepunguza makala kumbe imehamisha njia. Kwa sababu hiyo hiyo usijenge hesabu juu ya vibali vya kuchoma makala. Vibali vinaonyesha waliolipa.

Hatua ya 3: kupima nyumbani

Hesabu ya barabara inahitaji shahidi wa pili, naye ni nyumba. Usimuulize mama "unatumia makala kiasi gani?" Atakujibu kwa bei, na bei hubadilika kila wiki. Pima akiba yake asubuhi, mwombe atumie hiyo tu na asiiongeze bila kupima, rudi kesho saa ileile upime iliyobaki. Fanya siku 3 mfululizo, yaani ziara 4. Andika idadi ya watu waliokula kila siku, na kama umeme ulikuwepo. Siku ya delestaji, yaani umeme ukikatwa kwa zamu, nyumba yenye jiko la umeme hurudi kwenye mbabula, na wiki yenye umeme mzuri haiwakilishi mwaka.

Nyumba hutofautiana sana, hata asilimia 60. Kwa kosa la asilimia 10 unahitaji nyumba 139, na kwa kuwa utazichukua kwa mafungu ya avenyu, si moja moja mji mzima, zidisha mara 2: ziwe 280, zikigawanywa kwenye komini zote 7. Usisahau wanaochoma bila kuwa nyumba: mikahawa, wauza nyama ya kuchoma, waoka mikate, shule zenye mabweni, waliomo magerezani na kambini. Wahesabiwe kwa orodha yao.

Matokeo ya barabara na ya nyumba yakipishana kwa chini ya robo, uko vizuri. Yakipishana zaidi, usichukue wastani na kunyamaza. Tafuta kilichopotea. Mara nyingi ni usiku, au ni idadi ya watu wa mji iliyotumiwa kuzidisha.

Hatua ya 4: kwenda tanuruni

Bila tanuru huwezi kujua miti. Tanuru ya udongo ya kienyeji, kwa kawaida, hutoa kilo 10 hadi 20 za makala kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Kati ya 10 na 20 kuna tofauti ya msitu mara mbili, kwa hiyo kupima hapa kunalipa.

Chagua tanuru 12 au zaidi, za wachomaji wazoefu na wasio wazoefu. Kabla ya kufunikwa, pima magogo yote kwa mizani ileile. Ikishindikana, pima sehemu ya kumi ya rundo na urefu, upana na kimo cha rundo zima. Andika majina ya miti: muputu na mutondo havitoi sawa na miti laini. Kata vipande vya gogo, vikaushe, upate maji yake. Kuni zinazobeba kilo 20 za maji kwa kila kilo 100 za mti mkavu ni lazima zigawanywe kwa 1.2. Tanuru ikifunguliwa, pima makala yote, hata yale madogo ambayo mchomaji anayaacha.

Kinachoharibu mavuno ni kuni mbichi zinazokula moto zikikauka, ufa kwenye udongo unaoingiza hewa usiku wakati mchomaji amelala, na haraka ya kufungua. Hayo yaandikwe pembeni ya kila tanuru, maana baadaye ndiyo yatakayoonyesha fedha ziende wapi.

Hatua ya 5: hesabu

Tuchukue mfano wa nyumba 10,000, kila moja ikichoma kilo 2.4 kwa siku. Ni mfano tu wa kuonyesha njia. Kilo 2.4 mara siku 365 ni kilo 876, na kwa nyumba zote ni tani 8,760.

Miongozo ya IPCC ya 2006 inaupa kila tani 1,000 za makala nishati ya terajuli 29.5. Kwa hiyo tuna terajuli 258.4. Kwa kila terajuli inayochomwa nyumbani kuna kilo 200 za methani na kilo 1 ya nitrasi oksidi. Methani: tani 51.7, mara 28, ni tani 1,447. Nitrasi oksidi: kilo 258, mara 265, ni tani 68. Jumla ya mbabula zote ni tani 1,515 hivi za kulinganisha na hewa ya ukaa.

Tanuru: miongozo ya 1996 iliweka kilo 1,000 za methani kwa kila terajuli ya makala yaliyotengenezwa. Hiyo inaleta tani 258 za methani, sawa na tani 7,236. Angalia uzito wake: moshi wa porini unazidi wa mbabula karibu mara 5, ingawa kampeni nyingi zinazungumzia mbabula peke yake.

Miti: tuseme tanuru zako zimeonyesha kilo 5 za kuni kavu kwa kilo 1 ya makala. Tani 43,800 za kuni, mara 0.47 ambayo ni sehemu ya kaboni ndani ya mti mkavu, mara 44 gawanya kwa 12 ili kugeuza kaboni kuwa hewa ya ukaa, ni tani 75,482 za hewa ya ukaa zilizotoka kwenye pori.

Sasa kosa ambalo hata wataalamu hulifanya. Makala yakiungua mbabulani hutoa hewa ya ukaa pia: kilo 112,000 kwa terajuli, yaani tani 28,943 katika mfano wetu. Zisijumlishwe na zile 75,482. Kaboni hiyo ni ileile, tayari imeandikwa ilipotoka kwenye mti. Kwenye sekta ya nishati inaandikwa pembeni kama taarifa tu, na jumla inabaki kwenye sekta ya misitu na ardhi. Ukizijumlisha, unaongeza asilimia 38 za hewa ambayo haipo. Upande wa pili, miombo huchipua tena kutoka kwenye kisiki ikiachwa, kwa hiyo sekta ya misitu inahesabu na kinachoota. Pori lililogeuzwa shamba haliachwi liote. Andika kila eneo la tanuru limekuwa nini baada ya makala, ili wanaochora ramani za misitu wasikisie.

Hatua ya 6: shaka iandikwe

Hesabu isiyo na shaka haiaminiki. Ikiwa idadi ya mifuko ina shaka ya asilimia 20, uzito wake 5 na mavuno ya tanuru 30, usiyajumlishe kuwa 55. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha: 400 na 25 na 900 ni 1,325. Kipeuo cha pili chake ni 36 hivi. Shaka ni asilimia 36, na inaonekana mara moja kwamba fedha za mwaka ujao ziende kupima tanuru, kwa maana kuongeza mifuko ya kupima sokoni hakutabadilisha kitu.

Kupendekeza la kufanya

Serikali ikiuliza ipunguze wapi, jibu litoke kwenye safu zako. Tanuru ikitoka kilo 6 za kuni hadi 4 kwa kilo ya makala, theluthi ya miti inabaki imesimama bila mpishi yeyote kubadilisha kitu. Mbabula bora inayookoa asilimia 30 nayo ni nzuri. Ila ukizifanya zote mbili usiandike 63. Asilimia 70 ya makala, mara theluthi mbili za kuni, ni 47, hivyo umepunguza 53. Tena mbabula ihesabiwe iliyo motoni, isihesabiwe iliyogawiwa: rudi nyumbani baada ya mwaka, wengine wataitumia kuwekea maua. Kuhusu umeme, hapa unatoka zaidi kwenye maji, kwa hiyo kila chungu kinachohamia kwenye umeme ni faida, mradi upatikane. Ukikatika na mwenye nyumba akawasha jenereta, kila lita ya mazoti inaongeza kilo 2.7 za hewa ya ukaa.

Kupeleka faili

Faili la kwenda kwa jimbo na kisha wizarani liwe na jedwali moja la matokeo, kurasa chache za njia iliyotumika, vizidishi vyote na vilikotoka, shaka, na nakala ya karatasi za barabarani na za tanuru. Karatasi zenyewe zibaki Lubumbashi kwenye kabati lenye kufuli, na picha zake mahali pengine pawili. Mtumishi akihamishwa, makabidhiano yafanywe kwa sahihi, mizani na bidoni vikiwemo kwenye orodha.